Usikate mstari kwenye nukta mkato!

Mtoa mada, shika breki hapo hapo. Umeuliza asembla unayoiandika (programu ya kugeuza amri za maandishi kuwa baiti za mashine) itumie alama gani ya komenti, yaani maelezo ya msomaji ambayo asembla huyaruka, lakini kilichonishtua ni hicho ulichosema kama utani: kila mstari utaukata kwenye nukta mkato (;) ya kwanza, cha kulia utupe, ndipo uanze kusoma. Mimi ujanja huo ulininunulisha kioo kipya cha LCD bure.

Nilikuwa namtengenezea mzee mmoja wa maziwa huku Machame mizani ya kuonyesha kilo. Ndani ya programu yake mlikuwa na mstari huu (db ni amri ya kuweka baiti):

db "Pima kwanza; lipa baadaye", 0

Asembla ikaona nukta mkato, ikafyeka. Ikalalamika nukuu haijafungwa, nami kwa umahiri wangu nikaielekeza mstari ukiisha iifunge yenyewe. Shwari, makosa hakuna. Kumbe ile sifuri inayoiambia programu "maneno yameishia hapa" nayo imekwenda na maji. Kioo kikawa kinaandika "Pima kwanza", kinaunga ujumbe unaofuata, kisha takataka tupu. Nikalaumu waya, nikalaumu umeme wa Moshi, nikabadilisha kioo. Mzee akauliza kama mashine ina mashetani. Nikamwambia ni unyevu wa mlimani 😂

Aliyenipoteza ni mwalimu mmoja wa video: "Komenti ni kazi ya mstari mmoja." Mifano yake yote haikuwa na stringi (maneno ndani ya nukuu) hata moja! Huyo anafundisha kuogelea kwenye beseni.

Soma herufi moja moja, ukijua uko wapi: nje, ndani ya nukuu, au ndani ya komenti. Ndani ya nukuu, nukta mkato ni herufi tu. Kumbuka pia nukuu ipi ilifungua, maana "ng'ombe" ana alama katikati isiyofunga kitu. Ndani ya komenti alama hiyo hiyo isifungue chochote. Mstari ukiisha nukuu ikiwa wazi, toa kosa, simama. Usiifunge wewe!

Alama chagua mwenyewe. Kwenye asembla ya NASM ni nukta mkato. Kwenye asembla ya GNU as, kwa prosesa za x86, ni #, na huko nukta mkato hutenganisha amri, kwa hiyo komenti uliyohamisha kutoka NASM inasomwa kama amri. GNU as hiyo hiyo kwa prosesa za ARM za biti 32 ni @.

Ukimaliza, ilishe huu kwanza:

db "a;b", ';', 0 ; ng'ombe

Zisipotoka baiti 5 kamili, usiguse waya wowote.