Bando Likiisha, Mtoto Anafunga Mdomo

SWALI: Bi Muuguzi, salamu kutoka Jinja. Binti yangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Zamani alikula chochote, sasa ni chapati na chai ya maziwa tu. Dodo (mchicha) akiiona anageuza uso, mukene (dagaa) ananitemea. Nikimwekea katuni kwenye simu anameza bila kelele, lakini bando likiisha na kula kumekwisha. Wifi yangu anasema kuna programu za simu za kusaidia watoto wasumbufu wa kula. Zinafaa, au ni kutumalizia data? – Mama wa Walukuba

JIBU: Salamu zimefika, mwanangu. Zipo zinazofaa, ila si kwa namna simu inavyotumika hapo mkekani kwako.

Mwaka wa kwanza uzito wa mtoto hufika kama mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Wa pili huongeza kilo 2 hivi. Kwa hiyo hamu ya chakula hupungua, na umri huohuo ndipo mtoto huanza kukishuku chakula asichokizoea. Chai nayo inamjaza tumbo kabla posho (ugali) haijaiva, tena inazuia mwili kupata madini ya chuma. Hiyo chai niondolee kabla ya yote.

Anayetazama katuni haioni dodo. Anameza tu, na kesho dodo ni ngeni vilevile. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini. Mimi saa hiyo siitaki kwenye sahani.

Sasa programu. Ipo Our Story, ya Open University ya Uingereza: unapiga picha zako, unarekodi sauti, kinatoka kitabu. Watafiti wa University of Reading, katika mradi wao wa See & Eat, hutumia vitabu vya namna hiyo kumwonyesha mtoto mboga tangu shambani hadi mezani, maana jicho likizoea, ulimi hauogopi sana. Wewe tengeneza cha dodo: fungu likiwa sokoni, vidole vyake mwenyewe vikichambua majani, binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, ikimiminwa sufuriani. Sauti iwe yako, Kiswahili au Kisoga. Kitabu hicho mkitazame pamoja mchana, si wakati wa kula. Programu ikikataa kwenye simu yako, picha zenyewe zinatosha.

Jioni simu iwe chumbani. Mwekee kijiko kimoja cha dodo kando ya kitu anachokipenda, nawe ule mbele yake. Asipogusa, toa sahani bila ugomvi. Huenda ukaiweka mara 10 hata 15 ndipo aonje. Wewe unachagua chakula na saa, yeye anachagua kiasi. Programu za kuhesabu kalori achana nazo, hazijui katogo, ndizi zetu za kupika za mchanganyiko.

Na mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na mkono kwa ule utepe wa rangi. Mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5, au akipaliwa kila anapomeza, usihangaike na simu. Muone daktari wiki hiihii.