Chuma kiko sawa, lakini mama bado anachechemea

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 67. Alibadilishwa nyonga ya kulia miezi minane iliyopita, baada ya kuteseka na nyonga iliyosagika kwa karibu miaka minne. Maumivu ya kinenani yaliisha kabisa, tukashukuru. Lakini bado anachechemea, mwili unaangukia kulia kila anapoukanyaga mguu huo, na hawezi kulalia upande ule kwa maumivu ya ubavuni mwa nyonga. Amepigwa picha mara mbili, tunaambiwa chuma kiko sawa. Je, upasuaji uliharibika? Arudiwe? Na mama mdogo naye amepangiwa upasuaji kama huo, nina hofu. Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, dada. Mimi si daktari wa upasuaji, ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa kama mama ndio hukabidhiwa kwetu kidonda kikishapona.

Waliokuambia chuma kiko sawa hawakukudanganya. Ila picha ya eksirei huonyesha mfupa na chuma. Haionyeshi msuli, wala kano, yaani ule ukamba mweupe unaoushikiza msuli kwenye mfupa. Na wewe, kwa maneno yako mwenyewe, umenieleza ugonjwa wa msuli na kano: maumivu yako ubavuni badala ya kinenani, mwili unaangukia upande wa mguu uliopasuliwa, na kulalia upande huo hakuwezekani.

Kila tunapopiga hatua, kuna nukta tunasimama kwa mguu mmoja. Mguu wa kushoto ukiwa hewani, fupanyonga, yaani ule mfupa mpana wa kiunoni, lingeporomoka upande wa kushoto kama si misuli ya ubavuni mwa tako la kulia inayolishikilia. Mkubwa wao ni gluteasi midiasi, na chini yake amejificha mdogo wake, gluteasi minimasi. Inaanzia kwenye fupanyonga, inashuka, na kano zake zinashika kwenye ile nundu unayoipapasa ubavuni juu ya paja. Mzigo wake si mdogo. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ile inabeba kama kilo 50 za mwili, na uzito huo uko mbali na kiungo takriban mara mbili ya umbali wa msuli. Kwa hiyo msuli hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kama kilo 100, na kiungo kikabeba vyote viwili, kilo 150 hivi. Hapo mtu anatembea polepole tu ndani ya nyumba yake.

Msuli ukishindwa, mwili hujitafutia nafuu: mtu anauegemeza upande wa nyonga mbovu ili uzito usogee karibu na kiungo. Ndiyo ile mama anayoifanya. Daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliieleza hali hii mwaka 1895, na kipimo chake tunakitumia mpaka leo kwa sababu hakihitaji mashine. Mama asimame mbele ya meza imara, vidole vikiigusa tu, ainue mguu wa kushoto kwa nusu dakika. Wewe kaa nyuma yake uangalie kiuno. Kiuno cha kushoto kikishuka, au kifua chake kikikimbilia kulia, msuli wa kulia haufanyi kazi yake.

Sasa, nani aliuharibu? Hapa nakuomba usikimbilie kumlaumu aliyepasua. Mara nyingi msuli uliingia chumba cha upasuaji ukiwa tayari mgonjwa. Miaka minne ya kuuogopa mguu huudhoofisha msuli wowote, na kano nazo huchakaa na kuchanika kwa umri, hasa kwa wanawake. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za wagonjwa 50 waliovunjika shingo ya mfupa wa paja: 11 kati yao walikutwa na kano hizi zimechanika. Mwaka 2001 ukatoka utafiti mwingine uliohusu watu wanaobadilishwa nyonga zilizosagika, na huko nako ilikuwa takriban mmoja kati ya watano. Kiungo kipya huondoa maumivu ya gegedu iliyokwisha, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Kano iliyochanika hakiishoni.

Lakini upasuaji wenyewe pia unaweza kuwa na mkono wake. Kuna njia ya kupitia ubavuni, ambayo daktari hutenganisha sehemu ya mbele ya gluteasi midiasi kisha akaishona tena. Ushonaji ule unaweza kufumuka, au neva inayoupa msuli uhai, ambayo hupita kama sentimeta 5 juu ya nundu, ikajeruhiwa. Njia ya nyuma na ya mbele huuacha zaidi msuli huu, ingawa nazo zina hatari zake. Jambo jingine ni vipimo: shina la chuma, yaani kile kipande kinachoingizwa ndani ya mfupa wa paja, likikaa karibu mno na fupanyonga, msuli hulegea kama kamba ya hema isiyokazwa, hata kama hakuna kilichochanika. Hilo eksirei inaweza kulionyesha, kwa kulinganisha pande mbili, nami ningemwomba daktari alipime.

Kabla ya yote, hakikisheni si maambukizi. Homa, kidonda kutoa maji, joto au uvimbe, maumivu yasiyotulia hata akiwa amepumzika usiku: mojawapo likiwepo, mrudisheni hospitali mara moja kwa vipimo vya damu. Na kama maumivu yangekuwa kinenani, hasa anaponyanyua paja kupanda daladala au ngazi, ningemshuku msuli mwingine, iliosoasi, ambao kano yake hupita mbele ya kiungo na inaweza kusuguliwa na ukingo wa kikombe cha chuma kilichowekwa kwenye fupanyonga. Huyo ana tiba yake tofauti, ndiyo maana nasisitiza mwoneshe daktari kwa kidole panapouma.

Kwa mama, ombeni ultrasaundi ya ubavu wa nyonga, ifanywe na mtu anayezijua kano. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, nayo inawezekana hata kwa mwenye chuma, ila mashine ipangwe kupunguza kivuli cha chuma. Mkiwa mnasubiri, aanze haya. Asilale upande wa kulia. Akilalia kushoto, aweke mto mnene katikati ya magoti, maana paja la juu likining'inia linaikandamiza kano kwenye nundu. Asisimame akiegemea mguu mmoja jikoni, wala asikae na kupandisha goti juu ya goti.

Na fimbo ashike mkono wa kushoto! Karibu kila wiki napokea mgonjwa aliyeishika upande wa mguu mbovu, na inaniuma, kwa sababu fimbo ya upande wa pili inausaidia ule msuli moja kwa moja. Asione aibu kuitumia mpaka mwendo utakaponyooka.

Mazoezi yaanze kwa upole: amelala chali, mkanda au khanga imefungwa kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, anasukuma magoti nje bila kuyaachanisha, anahesabu mpaka kumi, anapumzika. Baadaye kuinua makalio, kisha kusimama na kuhamisha uzito, mwisho kupanda kijingazi kifupi. Kano hukomaa polepole, mpeni miezi mitatu ya kazi ya kweli chini ya mtaalamu. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, msikubali haraka kwenye nyonga yenye chuma, na daktari aliyempasua ahusishwe kwanza. Kama kano imeng'oka kabisa, kuna upasuaji wa kuishona upya, na hufaa zaidi msuli ukiwa bado haujageuka mafuta. Hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri mwaka mwingine. Kukibadilisha kiungo chenyewe, kwa haya uliyoniandikia, sioni sababu bado.

Kuhusu mama mdogo, mna bahati ya muda. Afanyiwe kile kipimo cha mguu mmoja leo, na daktari aambiwe matokeo. Kiuno kikishuka, au ubavu ukiuma, zitazamwe kano kabla ya kupasua, kwa kuwa daktari akiwa pale ndani anaweza kuishona iliyochanika siku hiyohiyo. Aulize atapitiwa njia gani. Kama amechomwa sindano ya steroidi kwenye nyonga ndani ya miezi mitatu, aseme, kwani huongeza hatari ya maambukizi na huenda tarehe ikasogezwa. Mazoezi ya khanga aanze sasa.

Na kwa mama, nendeni mkaombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Mle ndani imeandikwa njia iliyotumika na hali ya misuli ilivyokutwa. Mtaalamu atakayempokea Tanga ataihitaji siku ya kwanza.