Bunduki haijafa, imepata baridi tu

Jumamosi vijana wangu watatu wameshuka kutoka Lushoto, kule milimani kwenye baridi, na bunduki zao za upepo na nyuso za msiba. "Kaka, imekufa." Ya springi imekuwa nzito na inapiga chini, ya gesi, ile ya kichupa cha CO2, inatema peleti (virisasi vyake vidogo) kama mtoto anayetema mbegu za chungwa. Nikawauliza mmefanya nini, mmoja akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya cherehani, alhamdulillahi alikuwa hajakifungua bado. Nilimpokonya hapo hapo. Ndio maana naandika usiku huu badala ya kulala.

1. Nyie wa bunduki za upepo za gesi, msiseti darubini (kuilinganisha na pale peleti inapogonga) Raskazone huku Tanga mjini saa nane mchana halafu mtegemee itakubali Lushoto mwezi wa saba alfajiri. Ile gesi presha yake inafuata joto. Kwenye nyuzi 30 kichupa cha gesi kinasukuma kama bar 72, kwenye nyuzi 10 kinabaki kama 45, sasa peleti itaendaje pale pale? Na ukipiga harakaharaka kichupa kinazidi kupoa, ukikigusa utakisikia. Kaeni na vichupa mfuko wa ndani wa koti, pigeni taratibu, seti upya hukohuko juu. Wazungu wanaopiga kwenye theluji wengi wanaiacha ya gesi nyumbani, wanatoka na ya springi au ya mtungi wa hewa ya kupampu, nyie na kipupwe tu mmeshalia.

2. Grisi. Hapa nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Mwaka wangu wa pili kwenye mambo haya nilipanda kwa mjomba wangu. Mombo jasho linatutoka, tukafika Soni watu wanafunga vioo. Mjomba alikuwa na Diana, bunduki ya springi ya kukunja mtutu, ya peleti za milimita 5.5, ya zamani, kitako kimeng'aa kwa kusuguana na shavu lake. Aliyeitengeneza mwisho aliijaza grisi nzito ya beringi za lori, Tanga mjini hutajua lakini kule juu inaganda kama samli. Alfajiri mjomba yuko msikitini, mimi nikaichukua bila kuomba, nikapiga kopo la maziwa mita 20, peleti ikagonga udongo mbele yake. Nikajiona fundi. Nikaenda kwenye cherehani ya mkaza mjomba, nikachukua mafuta, nikadondoshea matone sijui matano sijui saba kwenye lile tundu la hewa nyuma ya mtutu.

PAAA! Moshi mweupe, harufu ya karanga zilizoungua. Na mnajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nikasema eeh, nguvu imerudi. Nikapiga ya pili, ya tatu, ya nne ndio nikasikia kama kijiko kimeanguka ndani ya sufuria na bunduki ikalegea mkononi kabisa.

Kumbe pistoni ikibana hewa ghafla hewa inapata moto mkali, mafuta yanalipuka humo ndani kama kwenye injini ya dizeli. Ile "nguvu" ndiyo inayokula mpira wa pistoni na kuvunja springi. Na kumbe mlio umeamsha bonde zima, mgambo huyo mlangoni anauliza nani ana bunduki ya moto hapa. Mjomba akarudi na kanzu yake, akatoa kibali (na nyie kibali kwanza jamani, msinitafutie kesi), mgambo akaondoka. Mjomba akanusa mtutu. Akanitazama. Akasema, "Kanywe chai, itapoa."

Mimi badala ya kusema nikamwambia springi imechoka tu mjomba, ya siku nyingi. Huo uongo niliubeba miezi mitano, mpaka fundi wa Ngamiani alipoifungua mbele yetu wote wawili, springi vipande viwili, mpira mweusi kama mkate ulioungua. Fundi akauliza, "Nani kaweka mafuta humu?" Mjomba akawa anaangalia barabarani, eti anatafuta bajaji. Yaani alijua tangu siku ile.

Dawa yenyewe fupi: ifunguliwe, grisi ya zamani ifutwe yote, ipakwe nyepesi kidogo sana, na asubuhi ya baridi mpige peleti kumi za kuipasha kabla ya kuanza kuhesabu alama.

3. Ukishuka nayo huku pwani usiitoe kwenye begi papo hapo. Chuma cha baridi kikikutana na hewa yetu kinatoa jasho na darubini inafunga ukungu. Iache ipate joto humohumo ndani, ndio uitoe, ufute, upake mafuta nje. NJE nimesema. Chumvi ya huku haikawii kula chuma.

4. Ya kukunja, shika mtutu muda wote unapopachika peleti. Vidole vya baridi vinateleza, na mtutu ukifyatuka haujui hicho ni kidole. Wa mtungi nyie najua mnajiona mmeendelea, ila unyevu wa pampu ukiingia mtungini mtanitafuta.

Hiyo Diana ilipona na iko Lushoto mpaka leo. Kila nikipanda, shikamoo haijaitikiwa vizuri, mjomba anauliza, "Cherehani umeiacha wapi?"