Kabla Hujanunua Swichi ya Gigabiti 10, Pima Ulichonacho

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia akitaka nimchagulie swichi ya gigabiti 10, yaani kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao wa ndani, kwa seva (kompyuta inayotunza faili za wote) ya ofisi ya watu wanne. Seva yenyewe ina diski mbili za kawaida zinazozunguka, moja ikitunza nakala ya mwenzake. Najua wengi wenu mnaiota seva ya namna hiyo, kwa hiyo jibu nalitoa hapa.

Mtandao hupimwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125 kwenye karatasi. Kwenye kunakili faili utapata kama 110 hivi. Diski inayozunguka, ikisoma faili moja kubwa mfululizo, hutoa megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. Ikianza kuhangaika na maelfu ya faili ndogondogo, inaporomoka hadi megabaiti chache tu. Sasa hiyo gigabiti 10, inayobeba megabaiti zaidi ya 1,000 kwa sekunde, ataijaza kwa kitu gani? Kwake gigabiti 2.5 inatosha, tena inapita kwenye waya wa Cat 5e, daraja la kawaida la waya za mtandao, hadi mita 100, bila kubomoa ukuta.

Nina sababu ya kulisemea hili kwa uchungu. Nilipoanza kazi nilikuwa kijana wa chini kabisa katika ofisi ndogo ya kuhariri video. Kila siku wahariri walilalamika kwamba seva inakokota. Akaitwa fundi kutoka nje, akatazama kidogo, akashauri ofisi ihamie kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Kikalipiwa. Hakuna kilichobadilika, na kisingeweza kubadilika: faili linalotoka kwenye seva kwenda kompyuta ya chumba cha pili halipiti kwenye intaneti kabisa. Linapita kwenye swichi na waya za ndani, basi.

Nilisema kikaoni kwamba tuangalie waya. Kunakili kulikuwa kunagota kwenye megabaiti 11 na ushee kwa sekunde, kompyuta yoyote utakayotumia, na namba hiyo ni alama ya megabiti 100. Nikaambiwa hayo niwaachie wenye utaalamu. Jioni, watu walipoondoka, nikapiga magoti nyuma ya kabati. Waya wa seva ulikuwa umekaliwa na mguu wa kabati, ganda limebonyea hadi nyuzi zinaonekana. Gigabiti inahitaji jozi zote 4 za nyuzi; megabiti 100 inatosheka na jozi 2. Jozi moja ikikatika, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea na kazi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nikachomeka waya mwingine. Taa ya swichi ikabadilika rangi, faili la majaribio likapita kwa megabaiti 112.

Kesho yake sifa zote zilikwenda kwa fundi na kifurushi chake. Linaniuma hadi leo. Nilikuwa na namba mkononi, wao walikuwa na vyeo.

Kwa hiyo ndugu zangu, pimeni. Wekeni programu ya iperf3 kwenye seva na kwenye kompyuta moja: inapima waya na swichi bila kuihusisha diski. Ikisoma karibu megabiti 940, gigabiti yenu ni nzima na tatizo liko kwingine, aghalabu kwenye diski. Ikisoma 94, fuateni waya. Msikubali kuuziwa kasi na mtu ambaye hajapima chochote!

Siichukii gigabiti 10. Kama seva ina SSD za NVMe, yaani diski za kasi sana zisizozunguka, na watu kadhaa wanahariri video kwa pamoja, inunueni, ila waya wa Cat 6 huifikisha mita 55 hivi tu. Kwa mita 100 ni Cat 6a. Hata hivyo si lazima kila meza iipate. Tundu moja la gigabiti 10 kwa seva na gigabiti 1 kwa kila mtu hufanya kazi vizuri mno. Kuunganisha matundu mawili ya gigabiti kuwa moja husaidia watu wengi kwa wakati mmoja. Lakini faili moja la mtu mmoja halitazidi kasi ya gigabiti 1.

Intaneti inakuja pale tu seva inapotumiwa kutoka nje, na hapo kasi ya kupakua inayotangazwa kwa herufi kubwa si hoja. Seva inatuma, hivyo kinachoitawala ni kasi ya kupakia. Kifurushi cha megabiti 100 za kupakua kinaweza kuwa na 20 tu za kupakia, yaani megabaiti 2.5 kwa sekunde. Nakala ya gigabaiti 100 itachukua saa 11 kutoka nje, wakati ndani ya ofisi kwa gigabiti 1 ni robo saa. Muulize mtoa huduma kasi ya kupakia ni ngapi, na namba hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.