Tarehe huumiza kuliko bei: namna ninavyoendesha nyumba kwa kipato kidogo

Ushauri mwingi wa kubana matumizi huanza na orodha ya vitu vya kuacha. Acha kula nje, acha nguo mpya, acha vinywaji vya chupa. Sina ugomvi nao, ila mtu ambaye mshahara wake unaishia kwenye kodi, chakula na nauli aliviacha zamani, wala hakusubiri kuambiwa. Ukimpa orodha hiyo unamwongezea aibu tu.

Mimi nimeendesha nyumba kwa pesa ya kuhesabu muda mrefu, na ninachoamini ni kwamba bajeti ndogo hubomolewa na tarehe kuliko bei. Bei ikipanda tunaiona wote na tunalalamika kwa sauti. Tarehe hunyata. Gesi inaisha wiki ileile ada inapodaiwa, kiatu cha mtoto kinaachia soli siku mbili kabla ya mshahara, mwenye nyumba naye anabisha hodi. Kila kimoja peke yake kingelipika. Vikikutana, unaenda kukopa, na hela inayopotea kwenye riba hailingani kabisa na ile uliyookoa kwa kunywa chai bila sukari.

Kwa hiyo kabla ya daftari la matumizi, chukua kalenda ya mwaka mzima. Andika kila malipo yasiyo ya kila mwezi: ada, sare, bima, leseni, kodi kama mnalipa kwa miezi kadhaa, sikukuu ambazo kwenu haziwezi kupita mikono mitupu, na kitu kimoja au viwili ndani ya nyumba ambavyo unajua kabisa vimechoka na vitakufa mwaka huu. Jumlisha, gawanya kwa 12. Namba itakayotoka inatisha, na wengi hufunga daftari hapohapo. Usifunge. Ukishindwa kuitenga yote, tenga robo yake. Ada ikifika, utakopa robo tatu badala ya kukopa yote, na deni dogo unaliwahi kabla halijazaa.

Kuna faida nyingine ya kuandika. Ukishaona kwamba shule hufunguliwa miezi ileile kila mwaka, unaacha kuiita dharura. Dharura ni mtoto kuanguka akavunjika mkono.

Vitu vya ndani navyo vina tarehe zake, ila hatujazizoea. Kwenye mtungi wetu wa gesi kuna kipande cha selotepu chenye tarehe tuliyoufunga, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kipande kama hicho kipo kwenye ndoo ya sabuni ya unga na kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Mitungi michache ikishapita, unajua wako hudumu muda gani, na unaanza kuweka pesa ya mwingine wakati huu bado una uzito. Siku ukiisha mapema kuliko kawaida, una pa kuanzia kuuliza. Angalia moto: ukiwa wa bluu, sawa. Ukiwa wa njano na unachafua sufuria kwa masizi, gesi haiungui vizuri, inapotea bure na inatoa hewa ya sumu. Mara nyingi ni matundu ya jiko yameziba na yanahitaji kusafishwa. Kisha paka maji ya sabuni kwenye mpira na kwenye maungio. Panapotoa mapovu, panavuja. Funga gesi na uite fundi.

Sasa mwezi wenyewe. Kosa linaloenea sana ni kugawa pesa ya chakula kwa wiki nne. Inaonekana sawa, lakini wiki nne ni siku 28, na mwaka una wiki 52, wala si 48. Zile siku mbili tatu za mwisho hazina fungu, na ndizo hizohizo ambazo watu huandikiwa dukani. Gawa kwa siku 31 hata kama mwezi ni mfupi. Ukitaka posho ya wiki, zidisha mara saba. Utaona kiasi cha wiki kimepungua, na moyo utauma kidogo, lakini huo ndio ukubwa halisi wa pesa yako. Pesa ya siku inayobaki mwezi ukiwa mfupi, nunulia kitu cha kuweka stoo.

Ukiweza, kila wiki iwe na bahasha yake. Pesa ikiwa kwenye simu, kumbuka kwamba mara nyingi kutoa kuna makato, kwa hiyo kutoa mara moja posho ya wiki nzima ni nafuu kuliko kutoa kidogokidogo kila jioni. Bahasha ya wiki ya tatu haifunguliwi wiki ya pili. Hapa mimi ni mkali, na nyumbani wananijua.

Utakutana pia na kanuni ya 50-30-20: nusu ya kipato kwa mahitaji, asilimia 30 kwa unavyovipenda, 20 akiba. Iache. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa na kipato kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Kanuni iliyopimwa kwa mwenye nafasi haiwezi kumkaa asiye nayo, na kushindwa kuifuata hakumaanishi una matumizi mabovu. Hata ushauri wa kuwa na akiba ya miezi mitatu au sita nauona mkubwa mno kwa kuanzia. Anza na akiba ya chakula cha wiki moja. Ikitimia hiyo, tayari kuna mlango mmoja wa mkopo umeufunga.

Kuhusu kununua kidogokidogo nitakaa hapa kwa muda, maana ndipo mwenye kipato kidogo anaponyonywa bila kupiga kelele. Paketi ndogo karibu kila mara ina bei kubwa kwa kilo. Wote tunajua, lakini huwezi kununua gunia kwa pesa ya paketi. Dawa yake ni kuhama bidhaa mojamoja. Chagua kimoja tu, kisichooza na mnachokitumia kila siku, tuseme sabuni. Mwezi huo bana kwingine ununue ujazo mkubwa. Mwezi unaofuata hutanunua sabuni, na pesa yake ndiyo inayokwenda kununua ujazo mkubwa wa kitu cha pili. Usijaribu vitu vitano kwa mpigo, utalala njaa ukiwa na stoo iliyojaa sabuni.

Na usiamini ukubwa wa kifungashio. Gawanya bei kwa uzito au ujazo, kila mara, hata kama muuzaji anakutazama. Kuna wakati paketi mbili za gramu 500 zina bei ndogo kuliko moja ya kilo, hasa kukiwa na ofa. Soma pia uzito ulioandikwa, kwa sababu kampuni zinaweza kuacha bei ilivyo zikapunguza kilichomo ndani.

Ununuzi wa jumla una adui wake, nao ni mkono wa ukarimu. Mfuko ukiwa mkubwa kila mtu anachota kama kuna harusi. Sisi tunahamishia posho ya wiki kwenye kopo dogo lililo karibu na jiko, na mfuko mkubwa unafungwa kamba na kupandishwa juu ya kabati. Kopo likiisha Alhamisi, tunasubiri au tunapunguza. Bila kopo hilo, faida yote ya jumla inaliwa ndani ya nyumba.

Jikoni kuna kitu kimoja cha fizikia kinachookoa zaidi ya ujanja wowote. Maji yakishachemka, usawa wa bahari ni nyuzi 100, hayazidi hapo hata uwashe moto wa kuyeyusha chuma. Moto mkali baada ya kuchemka unageuza maji kuwa mvuke tu. Kwa hiyo funika, subiri ichemke, punguza moto hadi uone vipovu vidogo. Jamii ya kunde loweka usiku kucha, zitaiva mapema. Ila maharage mekundu yana sumu yake ya asili: yakishalowekwa mwaga maji hayo, weka mengine, na yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo upunguze moto. Hapo usibane. Chakula cha kuchemsha kikikaribia kuiva unaweza kukifunika vizuri, ukaifunga sufuria kwa blanketi zito ndani ya sanduku mbali na moto, kikamalizia chenyewe kwa joto lililobaki. Kilichosalia mezani kihifadhiwe baridi ndani ya saa mbili. Ukitaka kuokoa sahani moja ya kiporo ukaishia kununua dawa ya tumbo, umekula hasara.

Umeme nitaupitia haraka. Kinachotoa joto ndicho kinachokula: pasi, hita ya maji, jiko, birika. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo saa moja inamaliza uniti moja; taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa 100 kufika hapo. Ugomvi na watoto kuhusu taa ya korido hauna tija kubwa, bora nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linaweza kumwaga hadi lita 20 kwa siku, na mara nyingi ugonjwa wake ni washa, kile kipete cha mpira ndani ya bomba, ambayo ni rahisi kuliko bili.

Turudi kwenye mkopo, maana ndipo tarehe zinapogeuka kuwa pesa. Mtu akikukopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika kama kidogo. Kopa 100, rudisha 110. Lakini ukiwa unalipa riba tu kila mwezi bila kugusa mtaji, baada ya mwaka umetoa 120 na bado unadaiwa 100 ileile. Na kama hulipi chochote, riba inaongezwa juu ya deni, mwaka ukiisha unadaiwa kama 314. Kabla ya kusaini chochote, uliza jumla utakayorudisha na tarehe ya mwisho, uiandike kwenye ile kalenda. Ikiangukia wiki ya ada, omba tarehe nyingine kabla hujachukua pesa. Wadai wengine pia husikiliza ukiwatokea mapema. Mwenye nyumba anayeambiwa wiki moja kabla kwamba nusu itachelewa, ukamtajia siku, ni mtu tofauti na yule anayepigiwa simu isiyopokelewa.

Haya yote hayawezekani kwa siri. Nimeona nyumba ambayo mmoja anabana na mwingine hajui kuna bajeti. Anayebana anaonekana mchoyo na asiyejua anaonekana mfujaji, wote wanaonewa. Kwetu daftari linaning'inia kwenye msumari mlangoni mwa jikoni, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Mwenzangu anaandika, mimi naandika, na mkubwa wetu akitumwa dukani anaandika chenji. Watoto wanaweza kuambiwa "mwezi huu hatuna ya hicho, tumekipanga mwezi wa nane" na wakaelewa. Wanachochoka nacho ni kuambiwa "tutaona."

Ndugu wakiomba msaada, na wataomba, kuwe na fungu lao hata kama ni dogo. Likiisha, sema mwezi huu limekwisha, na utaje lini utakuwa na kitu. Jibu lenye tarehe halivunji undugu kama simu iliyozimwa.

Na wewe ambaye pesa yako haina tarehe, unayelipwa kazi ikipatikana, usipange kwa wastani. Chukua mwezi wako mbaya wa mwaka uliopita, panga mahitaji kwa kipimo hicho. Kisha jitengenezee siku ya mshahara, tuseme kila Ijumaa: zote zilizoingia wiki hiyo zinakaa mahali pamoja, na Ijumaa unajilipa posho ileile ya wiki, iwe umepata nyingi au chache. Wiki nzuri inabakiza kitu. Kinachobaki kilipe kwanza deni lenye riba kubwa, kisha kijaze fungu la kalenda, na stoo iwe ya mwisho.