Njegere Mbichi na Njegere Kavu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tunabishana. Nasema njegere za kijani na zile kavu zinazouzwa zikiwa zimepasuliwa vipande viwili hutoka kwenye mmea mmoja. Yeye anashikilia kwamba ni mbegu mbili mbalimbali, kwa kuwa ladha hazifanani. Nani ana haki? Na je, njegere ndizo mbaazi?

JIBU: Mmea ni mmoja, nao wataalamu huuita Pisum sativum. Njegere ya kijani ni mbegu changa, iliyochumwa ikiwa bado imejaa maji na sukari. Likiachwa shambani, ganda hukauka, sukari nyingi ikageuka kuwa wanga, na punje ikawa ngumu kama kokoto. Mgeuko huo hausubiri shamba: huendelea hata baada ya kuchuma, na ndiyo maana njegere zilizolala siku mbili huwa na ladha ya unga. Zimenye na kuzipika siku ileile, au zigandishe mapema.

Hata hivyo, shemeji yako hakukosea kabisa, kwa sababu ndani ya mmea huo mmoja zipo aina za mbegu duara, zenye wanga mwingi, zinazofaa kukaushwa, na aina za mbegu zinazokunjamana, ambazo ndizo tamu zaidi zikiwa mbichi. Mbegu ya aina hii ya pili ina hitilafu ya kurithi katika kimeng'enya kinachojenga wanga, kwa hiyo sukari hubaki nyingi na kuvuta maji. Maji hayo yanapokauka, ngozi iliyokuwa imetanuka hunywea na kufanya makunyanzi. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alipochanganya aina hizo mbili, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu duara tupu, lakini kizazi cha pili kilimpa mbegu duara 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, yaani takriban tatu kwa moja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1866, na elimu ya urithi imesimama juu ya punje hizo, jambo linalonifanya niiheshimu njegere kuliko nafaka nyingi zenye sifa kubwa.

Ukipasua ganda bichi taratibu, utaona punje zimeshikwa na vikonyo vidogo kwa zamu: moja upande huu, inayofuata upande ule.

Mbaazi ni mmea mwingine, Cajanus cajan, kichaka chenye shina gumu kinachoweza kuishi miaka kadhaa, ilhali mnjegere ni mmea laini wa msimu mmoja, unaopenda baridi na kupanda kwa vikono vyembamba vinavyojizungusha kwenye fito. Kuhusu jina, wasomaji wa Kenya wengi husema minji, nao wanazungumzia njegere hizihizi. Neno njegere halibadiliki kwa wingi: njegere moja, njegere mia.