Maswali Yenu: Lugha Ilianzaje?

Tumbili wa huku Lang'ata hupiga kelele wakiona mbwa. Je, wanaongea?

Wanaambiana jambo, na kwa ustadi. Kule Amboseli, wanasayansi Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi milio ya tumbili, kisha wakaicheza kwa spika wakati hakuna adui yeyote. Matokeo yao ya mwaka 1980 bado hunisisimua. Tumbili wakisikia mlio wa chui, hukimbilia mitini. Wa tai, hutazama juu au hujitosa kichakani. Wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Hata hivyo, tumbili hawezi kumwambia mwenzake kwamba yule chui wa jana ameshaondoka. Kutaja kisichokuwepo, na kuunganisha maneno machache yakazaa maana zisizo na idadi, ndiko kulikotutenga nao.

Yule Mvulana wa Turkana aliye makumbusho alizungumza?

Huyo ni binadamu wa kale ambaye mifupa yake iligunduliwa na Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mifupa hiyo ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Ulimi na koo huoza, kwa hiyo mifupa pekee haitoshi kuamua. Mimi naona alikuwa na njia fulani ya kuelewana na wenzake, ila si lugha kamili. Ushahidi unaonivutia zaidi uko Olorgesailie, safari fupi kutoka Nairobi: miaka 300,000 hivi iliyopita, watu wa pale walitumia mawe ya obsidiani, yaani kioo cha volkano, yaliyotoka kilomita nyingi mbali. Kubadilishana vitu na wageni bila maneno ni kazi ngumu.

Lugha ya kwanza kabisa ilikuwa ipi?

Maneno hubadilika upesi mno. Kulinganisha lugha za leo hakutufikishi huko. Mwaka 1866 chama cha wanaisimu cha Paris kilipiga marufuku mjadala huo.

Mwanangu ni kiziwi. Kweli ishara zilitangulia sauti?

Baadhi ya wataalamu wanashikilia hivyo, mama, kwa kuwa sokwe hutumia mikono kwa uhuru kuliko sauti. Lakini kuna jambo kubwa zaidi kwako. Nikaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walikusanywa shuleni wafundishwe kusoma midomo. Wao wakabuni ishara zao wenyewe uwanjani, na wadogo waliowafuata wakazipa sarufi. Lugha ilizaliwa watu wakitazama! Hapa kwetu, Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Usingoje aanze shule: jifunze ishara sasa, wewe na ndugu zake, na mpeleke acheze na watoto wengine viziwi.